Mfuko wenye jina la marehemu: siku saba Trans Nzoia

Jumapili, 23 Machi 2025

Shangazi alinipigia Alhamisi usiku. Mtu wa nyumbani akikupigia saa nne usiku, moyo unaruka kabla hujaitika. Hakukuwa na msiba. Alisema tu, "Baba, njoo unisaidie mambo ya mbolea. Nimeenda mara mbili, nimerudi mikono mitupu." Halafu akanyamaza. Shangazi yangu si mtu wa kuomba, na ule unyamavu ulinitosha. Leo alfajiri nilikuwa steji nikiwa na begi dogo na mkate wa kupeleka.

Kutoka Nairobi hadi Kitale ni kama kilomita 380, safari ya mchana mzima. Nililala hadi Nakuru, nikala mahindi ya kuchoma Burnt Forest, na baada ya Eldoret nikakaa macho kwa sababu hapo ndipo nchi yetu inapoanzia. Soy, Matunda, Moi's Bridge. Ardhi inalala tambarare, udongo mwekundu umelimwa na kupigwa haro, pande zote mbili za barabara mashamba yako wazi yakisubiri mvua. Maghala marefu ya Bodi ya Nafaka yanaonekana kutoka mbali kabla hujaona nyumba. Msimu huu wa mwaka hakuna anayeongea jambo lingine. Ndani ya matatu dereva, utingo na mama mwenye kuku walikuwa kwenye habari moja: mvua itashuka lini, na mbolea imefika ghala gani.

Shangazi anaishi upande wa Kwanza, kaskazini mwa Kitale. Nilifika giza likiingia. "Mulembe," akanisalimu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Tulikula ugali na sukuma, akaniambia tulale mapema. Saa kumi tutaamka.

Jumatatu, 24 Machi

Nieleze kwanza jinsi mpango wenyewe unavyokwenda, maana bila hilo siku hii haieleweki.

Rais Ruto alipoapishwa Septemba 2022, mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulikuwa umefika Sh6,500. Serikali ikatoa mifuko milioni 1.4 ya kuanzia kwa Sh3,500, nayo hazina ikalipa kilichobaki. Mwaka uliofuata bei ikateremshwa tena hadi Sh2,500, na ndiyo bei ya leo. Ili kuipata, mkulima ni lazima awe ameandikishwa. Mapema 2023 machifu na manaibu wao walipita vijijini wakiandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, ekari na zao analopanda mtu. Taarifa hizo ziliingizwa katika mfumo wa kitaifa wa wakulima unaoitwa KIAMIS. Msimu ukifika, mfumo unapiga hesabu ya mifuko kwa ekari na kutuma ujumbe kwenye simu. Ujumbe huo ndio hundi yako. Unaenda nao ghalani pamoja na kitambulisho, unalipa kwa simu, unabeba.

Siku ya usajili, mwenye nyumba alikuwa mjomba wangu, mume wa shangazi. Aliandika jina lake, kitambulisho chake, laini yake, ekari mbili. Novemba ya mwaka huo huo akafariki.

Shangazi ameitunza ile laini kama mtu anavyotunza taa. Iko kwenye simu moja ndogo ya kabambe iliyofungwa kwa mpira wa mfuko wa maziwa kwa sababu kifuniko cha betri kilipotea. Kila mwezi anaitilia shilingi 10 za muda wa maongezi ili isifungwe. Haitumii kupiga. Alinionyesha ule ujumbe tukiwa nyuma ya bodaboda, akiukinga mwanga wa simu kwa kiganja: jina la mjomba, mifuko miwili ya mbolea ya kupandia. Nilipoliona lile jina limeandikwa kwa herufi kubwa, kana kwamba anaitwa kutoka chumba cha pili, nilishindwa kusema.

Tulifika ghalani saa kumi na mbili kasoro, na foleni ilikuwa imeshazunguka ukuta. Ghala lenyewe silitaji. Yanafanana. Wazee walikuwa wamekalia magunia matupu, akina mama wamejifunga mablanketi, vijana wa kupakia wakipita na mikokoteni wakiuliza nani atahitaji mgongo. Malori mawili ya watu wenye mashamba makubwa yaliingia kwa lango la pili saa mbili. Hayakukaa foleni yetu. Mtu akanung'unika, mwenzake akamwambia wale wana karatasi yao.

Saa saba mchana tulifika dirishani. Karani alikuwa kijana mwenye adabu, naomba hilo lieleweke. Alichukua simu, akasoma, akachukua kitambulisho cha shangazi, akakilinganisha na skrini.

"Mama, mwenye jina hili yuko wapi?"

"Alienda."

"Alienda wapi? Anaweza kuja kesho?"

Shangazi hakujibu. Alitazama chini kwenye rafu ya dirisha ambapo vumbi la mbolea lilikuwa limeganda kwa jasho la mikono ya watu. Mimi ndiye niliyesema, "Ni marehemu." Kijana alitoa kalamu mdomoni. Akasema pole, na akaisema kama mtu anayemaanisha. Halafu akaeleza kwamba jina, kitambulisho na sura ni lazima viwe vya mtu mmoja, na kwamba mwaka jana baadhi yao walikuwa wakiachilia lakini sasa hapana. Kumbe ndivyo shangazi alivyopata mwaka 2024. Aliachiliwa.

Ninajua sababu ya ukali huu. Mbolea ya ruzuku imewahi kukamatwa ikihamishiwa mifuko mingine ili iuzwe kwa bei ya duka, na kuna watu waliokusanya jumbe za wenzao na kutoka na mizigo ambayo si yao. Ukali una haki yake. Lakini yule aliyeiba kwa lori anajua njia ya kupata karatasi nyingine. Aliyekwama dirishani leo ni mwanamke wa miaka 63 ambaye jembe analishika yeye.

Tulirudi nyumbani kwa bodaboda ile ile, Sh600 kwa kila mtu kwenda na kurudi. Njiani hakusema neno.

Jumanne, 25 Machi

Ofisi ya chifu. Shangazi alivaa rinda lake la kanisani na kubeba bahasha ya khaki yenye kila karatasi aliyo nayo duniani: cheti cha kifo, cheti cha ndoa ya kanisani, kitambulisho chake, nakala ya hati ya shamba. Hati hiyo bado ina jina la mjomba. Mirathi haijafunguliwa. Kufungua mirathi kunataka pesa, na pesa inatoka kwenye mahindi, na mahindi yanataka mbolea.

Chifu alimfahamu mjomba, walikuwa wakiimba kwaya moja. Aliandika barua papo hapo, akapiga muhuri, akamwita kijana anayesajili wakulima. Kijana huyo ana kishikwambi na subira, vitu viwili ambavyo nilianza kuvithamini sana.

"Mama, namba yako ya simu?"

Shangazi akataja namba ya mjomba.

"Hiyo imeshaandikwa kwa jina lingine. Nataka yako."

Hana. Miaka yote ya ndoa yake nyumba ilikuwa na laini moja, nayo ilikuwa ya baba wa nyumba. Alipokufa, shangazi alirithi kile kichuma cha laini, lakini mbele ya mfumo yeye si mtu mwenye namba. Niliwaza ni wanawake wangapi wa kata hii moja wako hivyo, wanaopanda, wanaopalilia, wanaovuna, na simu iko mfukoni mwa mtu aliyeko mjini au kaburini. Ruzuku ya serikali inafuata namba ya simu, haifuati jembe. Nimelisema hilo kwa chifu, na chifu akaitikia kwa kichwa kwa muda mrefu. Alisema wiki hii peke yake shangazi ni wa nne.

Tulishuka sokoni tukanunua laini, akapigwa picha, akaandikishwa, na kwa mara ya kwanza maishani shangazi yangu akawa na akaunti ya M-Pesa ya jina lake. Namba ya siri alinong'onezwa achague mwenyewe. Alifikiri kidogo, akaibonyeza akiwa amegeuka ukutani.

Tukarudi kwa kijana.

"Ekari ngapi?"

"Tatu."

"Zote zako?"

"Mbili zetu. Moja nimekodi."

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sikulitarajia. Ile ekari ya kukodi, pale kando ya mto, kijana aliiangalia kwenye kishikwambi chake na kukuta shamba lile lote limeshaandikwa kwa jina la mwenyewe, anayeishi Nairobi. Akasema akiiandika mara mbili itarudishwa na taarifa yote ya shangazi itachelewa. Kwa hiyo akaandika mbili. Shangazi anamlipa mwenye shamba Sh12,000 kwa mwaka na kulilima kwa mkono wake mwaka wa tano sasa. Ujumbe wa mbolea ya ekari ile unakwenda Nairobi.

"Mtapata ujumbe ndani ya siku chache," kijana alisema. Nilimwuliza chache ni ngapi. Akatazama mawingu, nasi sote tukatazama mawingu.

Jumatano, 26 Machi

Hakuna ujumbe. Niliingia Kitale mjini kununua mbegu na kuuliza bei.

Mbegu haina taabu hapa. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa mjini hapa mwaka 1956, na kutoka vituo vya utafiti vya Kitale ndiko ilikotoka mbegu chotara 611 mwaka 1964, iliyobadilisha kilimo cha mahindi nchi nzima. Shangazi anapanda 614 na hasikii la mtu. Inachukua karibu miezi saba hadi kukauka, kwa hiyo ukichelewa kupanda kwa wiki mbili, unavuna ukiwa umenyeshewa. Kilo 10 kwa ekari. Nilichukua 30.

Katika duka la pembejeo nililoingia, DAP, mbolea ya kupandia, ilikuwa Sh6,500 kwa mfuko. Wanapima pia kwa kilo, Sh130. Kilo mbili mbili, tatu tatu, ndivyo watu walivyokuwa wakinunua, kama sukari.

Hotelini nilikaa meza moja na mkulima mkubwa, mzee mpole mwenye ekari zaidi ya 200 upande wa Endebess. Nilimweleza kisa chetu. Akasikitika kwa dhati, kisha akaniambia upande wake: dizeli ya trekta, mishahara, mahindi yanayobaki mikononi bei ikianguka. "Nyinyi mkisema wakubwa tusipewe," akasema, "Nairobi itakula nini?" Sina jibu jepesi la kumpa. Mwaka 2023 Bodi ilinunua gunia la kilo 90 kwa Sh4,000, na mahindi yanayozidi unyevu wa asilimia 13.5 yanakaushwa kwanza. Hakuna mkulima hapa, mdogo wala mkubwa, anayelala usingizi mzuri. Ila hesabu iko wazi: mgawo ukipigwa kwa ekari, mwenye ekari 200 anapewa mara 100 ya kile anachopewa shangazi, naye ana lori la kukichukua.

Na jambo hili si geni kwa udongo huu. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, ardhi ya Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wengi wao wanajeshi, na reli ya tawi ikafika Kitale mwaka 1926 ili kubeba nafaka yao. Mwaka 1942, katikati ya vita vya pili, serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuongeza mazao iliyomhakikishia mlowezi kiwango cha malipo kwa kila ekari ya mahindi au ngano aliyopanda, hata mavuno yakiharibika. Babu yangu wakati huo alikuwa kibarua kwenye shamba mojawapo la namna hiyo. Mahindi aliyapanda yeye. Malipo yalimfuata aliyeandikwa. Mpango ule uliendelea miaka kadhaa hata baada ya Uhuru.

Nimelikumbuka hilo nikiwa kwenye matatu ya kurudi, nikiwa na mbegu magotini, nikashindwa kuliondoa kichwani.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Ilianza saa tisa usiku, ikapiga mabati hadi hatukusikizana. Asubuhi harufu ya udongo ilikuwa imejaa nyumba nzima, na shangazi alikuwa ameshatoka. Nilimkuta shambani amepiga magoti, ameingiza mkono kwenye mfereji hadi kifundo kuona maji yameshuka kiasi gani. Yalikuwa yameshuka vya kutosha.

Ujumbe bado.

Mvua ya kwanza haingoji mfumo. Jirani, mama mmoja ambaye shamba lake limepakana na letu, alikuja bila kuitwa, akasema atatukopesha mfuko mmoja wa DAP, tutamrudishia wa kwetu ukija. Yeye alipata yake mapema mwezi huu. Kijana wake aliubeba begani akaushusha kwenye baraza, na kabla shangazi hajaufungua, yule mama alichukua kisu, akakata uzi wa juu pole pole, akachota kiganja kimoja. Akazisugua chembe kati ya vidole. Akadondosha chache kwenye kikombe cha maji na kukaa kimya akizitazama zinavyoyeyuka. Alipoona hakuna mchanga uliotuama chini, ndipo akatabasamu.

Wote hapa hufanya hivyo sasa. Machi 2024, katikati ya upanzi, iligundulika kwamba mbolea isiyofaa iliingizwa ndani ya mpango wenyewe wa ruzuku, ndani ya mifuko iliyochapishwa vizuri. Kule Bungeni, waziri wa kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, alifikishwa mbele ya kamati maalum, nayo tarehe 13 Mei ikaamua madai dhidi yake hayakuthibitishwa. Serikali iliahidi kuwafidia wakulima waliouziwa. Mama huyu anasema yeye mwaka ule alipanda ekari moja na nusu, mahindi yakatoka ya manjano, mafupi, yakasimama hivyo hivyo kama watoto wenye njaa. Anapolisimulia, mkono wake unaonyesha urefu: hapa, magotini. Alifikiri kosa ni lake. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba alikaa miezi miwili akijilaumu.

Alituambia pia tusitegemee DAP kila mwaka. Udongo wa sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya na kaskazini mwa Bonde la Ufa umekuwa na asidi, na DAP ikitumika mfululizo inauongezea. Yeye anaweka chokaa ya shamba kila baada ya misimu michache. Shangazi alisikiliza kwa makini, akauliza bei ya chokaa, akaguna.

Mchana tulianza kupanda ekari ya kwanza.

Ijumaa, 28 Machi

Mgongo wangu unauma. Tulimaliza ekari ya kwanza saa tano.

Nilipata namba ya mwenye lile shamba la mtoni nikampigia. Ni mtu mzuri, anafanya kazi benki, tulisalimiana kwa heshima. Nilimwuliza kama amepata ujumbe wa mbolea. Akafikiri. "Aah, ule? Niliuona mwezi uliopita. Nilidhani ni wale matapeli, nikaufuta." Akaomba radhi mara tatu. Anasema mwaka ujao atautuma. Mwaka jana pia aliupata, na mwaka juzi.

Nilipomweleza shangazi, alitikisa kichwa tu. Hakumkasirikia. Alisema, "Yeye hajui hata mpaka wa shamba lake uko wapi, mbolea ataijulia wapi?" Akarudi kwenye kamba yake ya kupandia.

Ninaandika haya usiku, na naona wazi kinachoweza kufanyika, wala si kikubwa. Chifu anajua nani amekodi wapi. Mzee wa kijiji anajua zaidi yake. Mkataba wa kukodi ekari moja huandikwa kwenye karatasi ya daftari na kusainiwa mbele ya mashahidi wawili, na karatasi hiyo ingetosha kumpa mlimaji mgawo wa msimu ule. Mjane angeweza kuhamishiwa jina siku chifu anapoandika barua ya mazishi, maana barua hiyo huandikwa hata hivyo. Hakuna teknolojia mpya inayohitajika. Inahitajika mtu mmoja katika ofisi yenye uwezo aamue kwamba anayelima ndiye mkulima.

Jumamosi, 29 Machi

Saa kumi na moja na dakika arobaini asubuhi simu mpya ililia. Shangazi hakuutambua mlio wake, alidhani ni yangu. Ilikuwa mezani karibu na taa. Nikamsomea: jina lake lote, la ubatizo na la baba yake, mifuko miwili ya kupandia. Akaniambia nirudie kusoma lile jina. Nikarudia.

Ghalani foleni ilikuwa fupi kwa sababu ya mvua. Karani alikuwa yule yule, naye alitukumbuka. Alilinganisha kitambulisho na skrini na uso, akasema, "Sawa kabisa, mama." Shangazi alibonyeza namba yake ya siri mwenyewe, Sh5,000 zikatoka, na vijana wakatupakilia kwenye pikapu ya kuchangia. Nilifungua mfuko mmoja hapo hapo na kuudondoshea chembe kwenye chupa ya maji. Zilikuwa safi.

Tukiwa njiani nilipiga hesabu nyuma ya kijitabu hiki. Safari zake mbili za kwanza, Sh1,200. Yetu ya Jumatatu, Sh1,200. Kwenda kwa chifu, Sh400. Picha, nakala na laini, Sh200. Pikapu leo, Sh800. Jumla Sh3,800. Kwa mifuko miwili, ruzuku imemwokolea Sh8,000. Karibu nusu ya msaada imeliwa na barabara, na hapo sijahesabu siku nne ambazo hakushika jembe. Hata hivyo hakuna mtu hapa aliyeniambia mpango ufutwe. Kila niliyemwuliza alisema uwepo, ila umfikie.

Mfuko mmoja ulishukia kwa jirani, deni likaisha. Wa pili ukaenda ekari ya pili. Ya mtoni ikabaki bila kitu, na jana jioni nilikuwa nimeshapita dukani kuchukua kilo 25 za kupima. Sh3,250. Nusu mfuko, kwa bei inayopita mfuko mzima wa ghalani.

Tulianza ya mtoni saa nane, mvua ikiwa imepumzika. Namna ya kupanda hapa ni hii: kamba inavutwa, mashimo yanachimbwa sentimita 75 mstari hadi mstari na 50 shimo hadi shimo, mbegu mbili kila shimo. Kwa ekari moja hayo ni mashimo kama 10,800. Mbolea inapimwa kwa kifuniko cha soda, kimoja kwa shimo, na ukipima vizuri mfuko wa kilo 50 unaisha pale ekari inapoisha. Shangazi ana kifuniko chake cha miaka mingi, rangi yote imetoka, kingo zimelala kwa kushikwa. Mjomba ndiye aliyekitoboa kitundu na kukitia uzi ili kisipotee.

Kwenye zile ekari mbili za kwetu alikuwa akikijaza na kukifuta juu kwa kidole gumba, kikawa sawasawa. Leo alichota, akakitazama, akarudisha kidogo kwenye ndoo. Akachota tena, akarudisha. Alipopata nusu aliyoridhika nayo, akanionyesha ili nami nipime hivyo hivyo, akainama, akaimwaga shimoni, akaifunika kwa udongo kidogo ili mbegu isiungue, akadondosha mbegu mbili.

Tulikwenda hivyo mstari kwa mstari hadi giza likatukuta karibu na mto. Kilichobaki ni mistari tisa. Kesho ni Jumapili na nina basi la saa mbili, lakini amesema tutaanza saa kumi na mbili, kabla ya kanisa.